Tukiitwa kwenye semina yenye zawadi ya bure



Ndugu mmoja aliyebatizwa hapa kwetu Kalemie, akapita kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, na sasa anafanya kazi katika kiwanda cha nyama huko Marekani, alituma picha katika kikundi cha WhatsApp cha parokia. Yeye, mke wake na watoto wao watatu wamesimama mbele ya bwawa la kuogelea la hoteli moja huko Orlando, jimbo la Florida. Chini ya picha aliandika kwamba wamepewa siku 3 za hoteli bure, pamoja na tiketi za watoto za kuingia katika bustani kubwa ya michezo. Sisi huku tukajibu kama tunavyojibu siku zote: Amina, Mungu ni mwema, baraka juu ya baraka. Hata sisi wachungaji tuliandika Amina. Hakuna aliyeuliza ni nani aliyelipa.

Siku ya nne, usiku wa saa nane, ikaingia mesaji yake ya sauti. Alisema polepole, kama mtu asiyetaka kuamsha watu wa nyumba: "Baba Pasta, samahani kwa saa hii. Tumetia sahihi kitu ambacho mimi mwenyewe sikielewi. Na nilisema ndiyo mbele yao. Mkristo anaweza kurudi nyuma?"

Tuliandika makala haya kwa sababu ya swali hilo, na kwa sababu ya jambo lingine lililotokea ndani ya kanisa letu wenyewe, ambalo tutalieleza mbele kidogo ingawa halituletei sifa.

Tuanze na hoteli. Kitu alichouziwa ndugu yetu ni haki ya kukaa katika nyumba ya likizo juma moja kila mwaka. Nyumba ni moja, wenye haki ni wengi, kila mmoja na juma lake. Siku hizi mara nyingi hawauzi juma lenyewe, wanauza pointi ambazo unazitumia kupanga siku zako katika hoteli zao. Biashara hiyo ilianza Ulaya katika miaka ya 1960. Mfano unaotajwa sana ni Superdévoluy, mahali pa kuteleza kwenye theluji katika milima ya Alpes huko Ufaransa, mwaka 1967. Kisha ikavuka bahari, na Florida ikawa kama makao yake makuu. Si wizi kwa jina, sheria inairuhusu. Wako watu wanaoitumia vizuri, wenye mshahara mzuri na likizo inayojulikana tarehe yake kila mwaka. Lakini bei yake mara nyingi inapita dola 20.000, na juu ya bei kuna malipo ya matunzo ya kila mwaka, yanayofika dola 1.000 hivi au zaidi, nayo hupanda. Unalipa hata mwaka usiokwenda. Mikataba mingine haina mwisho. Na ukitaka kuuza haki yako kwa mtu mwingine, utashangaa: watu wanaitoa kwa dola moja na bado hawapati wa kuipokea.

Kitu cha namna hiyo hakiwezi kuuzwa kwa kubandika tangazo mlangoni. Mtu akirudi nyumbani, akilala, akiamka na kupiga hesabu, wengi hawatanunua. Kwa hiyo muuzaji anahitaji vitu viwili: mtu akae mbele yake, na asiondoke kabla ya kutia sahihi. Zawadi inanunua kukaa. Hayo mengine yanafanyika ndani.

Ndugu yetu alituambia jinsi ilivyokuwa. Walialikwa wasikilize kwa dakika 90. Masharti yalikuwa haya: mume na mke waje wote wawili, waonyeshe kitambulisho na kadi ya benki, wawe na mapato ya kiasi fulani. Hebu tusimame hapo kwenye mume na mke. Kwetu, mtu akikubana kwenye biashara, mlango wa kutokea unajulikana: "Ngoja kwanza nizungumze na mama watoto." Ni neno la heshima, hakuna anayekasirika. Wale wauzaji wanaujua mlango huo, ndiyo sababu wanamtaka mama watoto awe amekaa pale pale mezani.

Walipewa chakula cha asubuhi. Wakapokelewa na kijana mchangamfu aliyewauliza habari za Kongo, za vita, za kambi, za watoto. Aliandika kila kitu. Kisha akawatembeza katika nyumba nzuri yenye vitanda vyeupe, akamwambia mama: "Umeteseka sana, watoto wako hawastahili kitu kama hiki?" Dakika 90 zikawa saa nne. Watoto walichoka, wakalia njaa. Walipokataa bei ya kwanza, akaja mkubwa wake na bei ndogo zaidi. Walipokataa ya pili, akaja mwingine na ya tatu, akisema bei hiyo ni ya leo tu, wakitoka mlangoni imekufa. Hapo wakatia sahihi: dola 1.900 za kuanzia kwenye kadi, na mkopo wa dola 17.000 kwa riba ya 16 kwa mia, miaka 10.

Tulipiga hesabu hiyo pamoja naye kwa simu. Ni dola 285 hivi kila mwezi. Kwa miaka 10 ni zaidi ya dola 34.000, bila kuhesabu matunzo ya kila mwaka. Mama yake mzazi yuko hapa, karibu na Lukuga, na kila mwezi anapokea dola 150 kutoka kwake: bukari ya nyumbani, dawa, na minervali ya wadogo zake wawili walio sekondari. Tulimwuliza, pesa ya mama itatoka wapi sasa? Alinyamaza muda mrefu mpaka tukafikiri mtandao umekatika.

Watu wa elimu wameandika juu ya nguvu ya zawadi. Mfaransa Marcel Mauss, katika utafiti wake juu ya zawadi uliotoka miaka ya 1920, alionyesha kwamba katika jamii nyingi za dunia zawadi haiji peke yake: kuna wajibu wa kutoa, wa kupokea na wa kurudisha. Mmarekani Robert Cialdini, katika kitabu chake cha mwaka 1984 juu ya namna watu wanavyoshawishiwa, alieleza habari za wafuasi wa Krishna waliokuwa wakiwapa wasafiri ua uwanjani kwa ndege kabla ya kuwaomba mchango. Msafiri hakulitaka ua, lakini akiisha kulishika mkononi, mguu wake unakuwa mzito kuondoka. Sisi hatukuhitaji kwenda chuoni kulijua jambo hilo. Anayekula kwako leo hawezi kukugeuzia uso kesho. Ni tabia njema, ndiyo inayoshika ukoo na kanisa. Muuzaji hakuileta, ameikuta ndani yetu na kuitumia. Kwa sababu hiyo tunaona kwamba watu wa kwetu, waliolelewa kumheshimu mwenyeji, wako katika hatari kubwa zaidi mezani pale kuliko mtu aliyezoea kusema hapana na kwenda zake.

Biblia inaijua meza hiyo. Mithali 23, mwanzoni kabisa, inamwonya mtu aliyeketi kula na mkubwa aangalie sana kilicho mbele yake, kwa maana chakula kile kina hila ndani yake. Halafu Yoshua 9. Wagibeoni walikuja na mikate iliyokauka na viriba vilivyochakaa, wakasema wametoka mbali. Wazee wa Israeli walipokea katika vyakula vyao na hawakuuliza shauri kwa Bwana, na mapatano yakafanyika siku ile ile. Baada ya siku 3 tu walitambua kwamba watu wale ni majirani. Tumehubiri sura hiyo mara nyingi juu ya udanganyifu wa Wagibeoni. Tunakiri kwamba hatukuwahi kuihubiri juu ya haraka ya wazee.

Kinyume chake ni Abrahamu katika Mwanzo 23. Amefiwa, anatafuta mahali pa kumzika Sara. Efroni anamwambia mbele ya watu kwamba shamba na pango anampa tu. Abrahamu anainama kwa heshima, hamtukani, lakini anakataa kupewa bure: anataka bei itajwe. Bei inatajwa, shekeli 400, naye anazipima mbele ya wote wanaoingia mlangoni pa mji. Hivyo ndivyo hata sisi tunavyojua kununua parseli: bei wazi, mashahidi, mkubwa wa mtaa, majirani wa mipaka. Hakuna chumba kilichofungwa wala bei ya leo tu.

Sasa swali la ndugu yetu: Mkristo aliyesema ndiyo anaweza kurudi nyuma? Alikuwa na Mathayo 5:37 kichwani, na wazee katika Yoshua 9 nao walishika kiapo chao ingawa walidanganywa. Tulimjibu hivi. Wazee wale waliapa kwa jina la Bwana, na kiapo chao hakikuwa na mlango. Mkataba wako una mlango ndani yake. Sheria ya Florida inampa mnunuzi wa haki ya namna hiyo siku 10 za kuvunja mkataba bila kutoa sababu, na maneno hayo lazima yaandikwe kwenye mkataba wenyewe. Kwa hiyo ukiutumia mlango huo huvunji ndiyo yako, unatumia sehemu ya mapatano ambayo muuzaji naye aliitilia sahihi. Alikwenda kutafuta kwenye kurasa zake, akaikuta, kwa herufi ndogo.

Waliandika barua fupi, mume na mke wote wawili wakaitia sahihi, wakaituma kwa posta iliyoandikishwa siku ya 6, kwa anwani ile ile iliyotajwa kwenye mkataba, wakatunza risiti. Kupiga simu hakutoshi. Muuzaji alipowapigia kuwabembeleza wasubiri kidogo waongee, hawakusubiri. Baada ya majuma kadhaa dola 1.900 zilirudi kwenye kadi.

Siku hizo si sawa kila mahali. Nevada, kwa mfano, inatoa 5 tu. Katika nchi za Umoja wa Ulaya ni 14. Waliochelewa wana shida kubwa zaidi, na hapo ndipo huingia watu wa pili, wale wanaopiga simu wakisema: tulipe kwanza, tutakutoa kwenye mkataba, au tumekupatia mnunuzi. Wengi wao ni wanyang'anyi. Mwaka 2023 hazina ya Marekani iliwawekea vikwazo watu waliohusika na kundi la wauza madawa ya kulevya huko Mexico, kwa sababu walikuwa wakiwaibia wenye haki za hoteli kwa namna hiyo hiyo. Mtoto wenu aliye ng'ambo akiwa amechelewa, asimlipe mtu wa namna hiyo hata dola moja. Aandike kwanza kwa kampuni yenyewe kuomba kurudisha haki, na atafute wanasheria wanaosaidia wahamiaji bila malipo.

Wako wapendwa wanaosema: sisi tutakwenda, tutakula, tutachukua tiketi, tutakataa. Kuna dhambi gani? Tumelizungumza sana na wachungaji wenzetu. Ikiwa umeahidi kusikiliza tu, ukasikiliza, hujaiba. Lakini tunaona mambo mawili. La kwanza ni ile karatasi ya kuingilia. Wengi huandika mapato wasiyonayo ili wapate zawadi, na huo ni uongo, hata kama aliyedanganywa ni tajiri. La pili ni hesabu. Tuseme zawadi inagharimu dola 300, na jamaa 10 wanaalikwa. Ni dola 3.000. Kampuni haitoi pesa hiyo mfukoni mwake, inalipwa na yule mmoja anayetia sahihi. Yule aliyeshindwa kukataa amewalipia tiketi wale tisa walioweza. Na mara nyingi aliyeshindwa ni mgeni, mzee, au mtu kama ndugu yetu. Kila mtu ajipime. Sisi hatungekwenda.

Lakini sisi ni nani wa kusema hivyo? Tuje nyumbani.

Hapa Kalemie hakuna anayeuza juma la hoteli, lakini semina yenye zawadi tunaijua. Sali inakodiwa, watu wanaalikwa, kuna sukre baridi, kofia, fulana, na vipimo vya afya vya bure. Mtu anashika kijiti cha chuma mkononi, mashine inaandika kwa dakika moja kwamba ini limechoka, damu ni chafu, figo zina shida. Kisha yanafunguliwa makaratoni ya vidonge na unga wa chai. Tuseme wazi: hakuna chombo cha kushika mkononi kinachosoma ini, figo na damu kwa dakika moja. Sukari hupimwa kwa tone la damu, presha kwa mkanda wa mkononi, na ini kwa damu inayopelekwa laboratwari. Baada ya vidonge inakuja hatua ya pili: lete watu watatu, nao walete watatu, nawe utapata asilimia. Wazee wetu wanakumbuka Bindo Promotion ya Kinshasa, jinsi pesa za watu zilivyopotea ilipoanguka mwaka 1991. Ng'ambo ya ziwa, Tanzania, watu wanakumbuka DECI, iliyosimamishwa na serikali mwaka 2009. Hiyo ilienea kupitia makanisa, na lugha yake ilikuwa ya mimbarani: kutoa pesa kuliitwa kupanda, kulipwa kuliitwa kuvuna. Viongozi wake, wachungaji wakiwemo, walitiwa hatiani na mahakama ya Kisutu huko Dar es Salaam mwaka 2013.

Tuliyajua hayo. Hata hivyo, watu wa semina moja walipokuja kwetu, hawakuja na mikono mitupu. Walileta viti 20 vya plastiki, sadaka kwa kanisa, wakati ambapo mama zetu walikuwa wakikaa juu ya mikeka wakati wa ibada. Hawakuomba kitu siku hiyo. Baada ya majuma mawili waliomba dakika 30 tu baada ya ibada, kuwapima wapendwa bure. Baraza la wazee lilikaa robo saa. Nani angesema hapana, huku amekalia kiti chao?

Mama mmoja wa kikundi cha wanawake, muuza ndagala, alipimwa. Mashine haikusema neno juu ya presha yake, ambayo dokta alikuwa ameipima na kumpa vidonge vya kila siku. Ilisema damu ni chafu. Alinunua makaratoni mawili kwa pesa ya mtaji wake, na kwa kuwa waliambiwa unga ule unatibu vyote, aliacha vidonge vya dokta. Mwezi wa pili alianguka sokoni. Amepona kwa neema ya Mungu, lakini mkono wa kushoto ni mzito, na samaki anawaanika binti yake.

Tulipokwenda kumwona hospitali tulimwuliza, mama, kwa nini hukuja kutuuliza kwanza? Alituangalia kwa mshangao. Akasema: "Niwaulize nini, Baba Pasta? Walisimama pale mnaposimama ninyi."

Tumelibeba neno hilo barazani. Yafuatayo ndiyo tuliyoyaamua, na tunayaandika ili parokia nyingine za jimbo zitupime. Hakuna anayeuza kitu, au anayekaribia kuuza, atakayepewa mimbari wala ua wa kanisa, hata akiwa mshirika wetu. Sadaka ya vitu kutoka kwa kampuni au mtu wa biashara haipokelewi siku ile ile; inasubiri siku 10, idadi tuliyoiazima Florida, na katika siku hizo wazee wawili wanamwuliza mtoaji kwa sauti ni nini anachotaka. Mshirika akiitwa semina, aende na mtu mmoja ambaye hataruhusiwa kutia sahihi, aache pesa na kadi nyumbani, na akiambiwa bei ni ya leo tu aondoke. Dawa za dokta haziachwi ila kwa neno la dokta. Na ndugu zetu walio ng'ambo wakituma picha za hoteli ya bure, tutawauliza kwanza kabla ya kuandika Amina.

Viti 20 bado viko kanisani. Wenyewe hawapatikani tena, simu zao hazipiti. Tuliuliza bei yake sokoni, tukaandika majina ya wote walionunua makaratoni siku ile. Ni watu 11. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi sehemu ya sadaka inakwenda kwao mpaka bei ya viti iishe, tukianza na mama wa ndagala. Yeye amekwisha kupokea mara mbili. Bado 10.